Sekunde za mkono ni fedha: pima mashine kabla ya kulipa

WAFANYABIASHARA wanaotafuta mashine ya mauzo, kompyuta ya ghala au programu ya kutolea ankara huuliza maswali yaleyale: bei ni kiasi gani, waranti ni ya muda gani, vipuri vinapatikana wapi, na je, risiti yake inakubalika TRA? Ni maswali ya msingi, na anayeyaruka hujitafutia hasara. Hata hivyo, liko swali moja ambalo ni nadra kulisikia kwenye kaunta ya muuzaji: mkono wa keshia utasafiri umbali gani juu ya mashine hii, mara ngapi kwa siku, na utakosea mara ngapi?

Swali hilo linaweza kuonekana la mzaha kwa mtu aliyezoea kuhesabu magunia na makontena. Lakini mwendo wa mkono una gharama, gharama hiyo inapimika, na kwa zaidi ya nusu karne sasa wapo watu wanaojua kuipima. Tatizo ni kwamba haiandikwi kwenye kibandiko cha bei. Mnunuzi huilipa kidogo kidogo, sekunde baada ya sekunde, na mara nyingi humlaumu mfanyakazi wake kwa uzembe ambao chanzo chake ni mashine.

Kampuni iliyokataa mashine mpya

Mfano mzuri unatoka Marekani, katika kampuni ya simu ya NYNEX iliyokuwa ikihudumia New York na majimbo ya New England kabla ya kuungana na Bell Atlantic mwaka 1997. Kampuni hiyo ilikuwa na wahudumu wa kuwasaidia wateja wanaotaka kupiga simu kwa gharama ya mpokeaji au kwa kutumia kadi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa ikifikiria kuwanunulia wahudumu hao mashine mpya. Skrini zake zilikuwa za kisasa zaidi, na mpangilio wake ulipunguza idadi ya vitufe vya kubonyeza. Kwa macho ya mnunuzi yeyote, hiyo ilikuwa mashine bora.

NYNEX ilikuwa imeshapiga hesabu moja muhimu. Kila sekunde iliyopunguzwa kwa wastani katika kila simu ilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 3 kwa mwaka. Kwa hiyo kabla ya kufungua mkoba iliwapa kazi wataalamu. Wayne Gray, Bonnie John na Michael Atwood walichora hatua kwa hatua kazi ya mhudumu: anasikiliza nini, jicho linakwenda wapi, kidole kinabonyeza lini. Hesabu yao ya kwenye karatasi ilikwenda kinyume na matarajio: mashine mpya ingekuwa na mwendo wa polepole kuliko ya zamani kwa karibu asilimia 3. Majaribio ya miezi minne, mashine zikitumiwa na wahudumu halisi kwa wateja halisi, yalionyesha asilimia 4.

Kwa simu moja, tofauti hiyo haikufika hata sekunde nzima. Ikizidishwa kwa simu zote za mwaka, ilikuwa hasara ya karibu dola milioni 2 kila mwaka. NYNEX haikuzinunua. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1993 na hadi leo hufundishwa vyuoni.

Sababu ya mashine mpya kushindwa ndiyo inayomhusu zaidi mfanyabiashara. Vibonyezo vilivyopunguzwa vilikuwa vya mwanzo wa simu, wakati mhudumu angali akimsikiliza mteja. Hapo mkono ulikuwa na nafasi na hakuna muda uliokuwa ukipotea. Wakati huohuo kibonyezo kimoja kilihamishiwa mwishoni mwa simu, wakati mteja na mhudumu wote wanangoja mashine tu. Waliounda mashine walipunguza kazi pale ambapo haikuwa na gharama, wakaiongeza pale ambapo kila sehemu ya sekunde ilikuwa inalipiwa. Muuzaji anayesema "mashine hii ina hatua chache" huenda anasema kweli, na bado mnunuzi akapata hasara.

Kanuni ya umbali na ukubwa

Msingi wa hesabu za namna hii uliwekwa mwaka 1954 na mwanasaikolojia Paul Fitts wa Chuo Kikuu cha Ohio State. Jaribio lake lilikuwa rahisi. Mtu alipewa kalamu ya chuma na kuambiwa agonge mabamba mawili kwa zamu, huku na huku, kwa kasi yote anayoweza bila kukosea. Fitts alibadilisha umbali kati ya mabamba, kuanzia inchi 2 hadi 16, na upana wa mabamba, kuanzia inchi 2 hadi robo inchi.

Alichokipata ni kanuni inayoaminika kuliko nyingi katika elimu ya tabia za binadamu. Muda wa kufikia shabaha hutegemea uwiano wa umbali na upana wa shabaha hiyo. Shabaha ikiwa mbali zaidi, muda unaongezeka. Ikiwa nyembamba zaidi, muda unaongezeka pia. Umbali ukizidishwa mara mbili, muda huongezeka kwa kiasi kilekile kama ambavyo shabaha ingepunguzwa nusu. Na vyote viwili vikizidishwa mara mbili, muda haubadiliki.

Kwa lugha ya dukani, kitufe kidogo kilichowekwa mbali ni ghali, na kitufe kikubwa kilichowekwa karibu ni nafuu. Jambo hilo linaonekana la wazi, lakini Fitts aliliwekea namba. Kitu chenye namba kinaweza kuingizwa katika hesabu ya faida na hasara, ndiyo maana kampuni kubwa zililikimbilia.

Ifahamike pia kwamba Fitts hakuanza na kompyuta. Mwaka 1947 yeye na mwenzake walichapisha uchunguzi wa matukio 460 ya marubani wa Marekani waliofanya makosa katika kutumia vifaa vya kuendeshea ndege, makosa yaliyokuwa yakiitwa "makosa ya rubani". Makosa mengi yalitokana na vifaa vilivyofanana au vilivyopangwa tofauti kutoka ndege moja hadi nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Alphonse Chapanis aliona kwamba katika ndege ya B-17 kishikizo cha magurudumu na kile cha mabawa madogo ya kutulia vilikuwa vya namna moja na vimekaa pamoja. Marubani wakishatua walikunja magurudumu badala ya mabawa. Dawa yake ilikuwa kuweka umbo la gurudumu kwenye kishikizo kimoja na umbo la kabari kwenye kingine. Rubani aliyekuwa akiitwa mzembe aliacha kukosea, ingawa mtu alikuwa yuleyule.

Jinsi kipanya kilivyoingia sokoni

Kipanya cha kompyuta kilibuniwa na Douglas Engelbart na mwenzake Bill English huko California katikati ya miaka ya 1960, na kilionyeshwa hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968. Kubuni ni jambo moja, kushawishi kampuni iweke mtaji ni jambo jingine. Katika maabara ya Xerox, Stuart Card, English na mwenzao walipima mwaka 1978 vifaa vinne vya kuelekezea kishale kwenye skrini: kipanya, kijiti, vitufe vya mishale na vitufe vya maandishi. Kipanya kilishinda kwa kasi na kwa makosa machache. La muhimu zaidi, kasi yake ilikaribia ile ambayo Fitts aliipata kwa mkono mtupu. Maana yake, kilichobaki kuzuia kasi hakikuwa kifaa tena bali mwili wa binadamu, na hakuna kampuni ambayo ingeweza kuleta kifaa kingine na kukipita kwa mbali.

Wawekezaji wadogo watavutiwa na yaliyofuata. Xerox iliiingiza sokoni kompyuta ya Star mwaka 1981 kwa dola 16,595 kwa mtumiaji mmoja, na wanunuzi wakawa wachache. Apple ilileta Lisa mwaka 1983 kwa dola 9,995, nayo ikashindwa. Januari 1984 ilileta Macintosh kwa dola 2,495. Walioifahamu kanuni mapema sio waliovuna, kwani elimu ya mkono bila bei inayofikika haikuuza. Lakini kinyume chake nacho ni kweli, nacho ndicho kinachosahauliwa hapa kwetu: bei nafuu bila elimu ya mkono huuza mara moja, kisha mnunuzi hubaki na mzigo. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Apple ilitumia kanuni ya Fitts kwa werevu wa ajabu. Menyu za Macintosh ziliwekwa kwenye ukingo wa juu kabisa wa skrini. Kishale kikifika ukingoni hakiendi zaidi, hata mkono ukisukuma kwa nguvu. Kwa hiyo mtumiaji hahitaji kupunguza mwendo ili asipitilize. Anarusha mkono juu na shabaha inampokea. Ni kama ukuta wa uwanja: mpira unaoupiga hauwezi kuupita. Pembe nne za skrini ni bora zaidi, kwani kishale huzuiwa pande mbili kwa pamoja.

Microsoft nayo, ilipotoa Windows 95 mwezi Agosti 1995, ilikiweka kitufe cha kuanzia kwenye pembe ya chini kushoto. Mahali palikuwa sahihi. Lakini iliachwa nafasi nyembamba kama uzi kati ya kitufe na ukingo, na aliyebofya pembeni kabisa hakupata kitu. Bidhaa iliyogharimu fedha nyingi kuiunda na kuitangaza ilipoteza faida ya pembe kwa sababu ya nafasi isiyozidi unene wa unyoya. Matoleo ya baadaye yalirekebisha kasoro hiyo.

Hesabu ya duka la jumla

Mwaka 1980 Card, pamoja na Thomas Moran na Allen Newell, walitoa vipimo ambavyo mfanyabiashara yeyote anaweza kuvitumia kwa kalamu na karatasi. Mchapaji mzoefu hutumia takriban sekunde 0.2 kubonyeza kitufe kimoja. Kuuhamisha mkono kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye kipanya ni sekunde 0.4, na kuurudisha ni 0.4 nyingine. Kuelekeza kishale kwenye shabaha ni wastani wa sekunde 1.1. Kufikiri kabla ya hatua inayofuata ni kama sekunde 1.35.

Chukulia duka la jumla linalotoa ankara 120 kwa siku, kila ankara ikiwa na bidhaa 10. Programu ya kwanza inamlazimisha karani kushika kipanya mara mbili kwa kila bidhaa. Kila safari ya mkono, kwenda, kuelekeza na kurudi, ni sekunde 1.9. Kwa bidhaa 10 ni sekunde 38. Programu ya pili inafanya kazi ileile kwa kubonyeza kitufe kimoja cha kibodi kila mara. Mibonyezo 20 ni sekunde 4. Tofauti ni sekunde 34 kwa ankara moja. Kwa ankara 120 ni sekunde 4,080, sawa na saa moja na dakika 8 kila siku.

Saa hiyo haionekani kwenye daftari. Inaonekana kwenye foleni ya mchana, kwa mteja wa mikoani anayetazama saa ya basi, na kwa mteja anayeamua kuvuka barabara kwenda duka la jirani. Mwenye duka akiajiri karani wa pili kupunguza foleni, tayari ameshalipa mshahara mzima kwa ajili ya programu aliyoinunua kwa sababu ilikuwa na punguzo.

Wapo watakaosema kwamba mazoea huondoa tatizo. Ni kweli kwa sehemu. Karani akizoea, muda wa kufikiri hupungua na makosa hupungua. Lakini safari ya mkono haiondoki kwa mazoea. Anayeifanya mara elfu mbili kwa siku ataifanya haraka zaidi, bado ataifanya. Wengine watasema duka lenye wateja ishirini kwa siku halina haja ya hesabu hizi. Hao wana hoja. Pale ambapo kazi ni chache, bei ya kununulia ndiyo iwe na uzito. Hesabu ya mkono ni ya yule anayerudia jambo lilelile siku nzima: duka la jumla, duka la dawa, kituo cha mafuta, wakala wa fedha.

Kalkuleta na simu

Kuna jambo jingine lililo mezani kwa karibu kila mfanyabiashara, naye halitazami. Kalkuleta ina namba 7, 8 na 9 juu, na 1, 2 na 3 chini. Simu ina 1, 2 na 3 juu, na 7, 8 na 9 chini. Mpangilio wa simu ulitokana na majaribio ya maabara ya Bell ya Marekani, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1960, na simu za vitufe zikaanza kuuzwa Novemba 1963. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1968 ulionyesha kwamba watu wasio na mazoezi hukosea kidogo zaidi kwenye mpangilio wa kalkuleta kuliko wa simu. Lakini mashine za hesabu zilishaenea, na kibodi za kompyuta zikaufuata mpangilio wa mashine za hesabu.

Wakala wa fedha hukokotoa kwa kifaa kimoja na kutuma kwa kingine, huku mteja akisema fanya haraka. Mkono una kumbukumbu yake. Uliotoka kwenye kalkuleta huenda ukaitafuta 7 pale ilipo 1. Katika jumla ya hesabu, kosa hilo hurekebishwa kwa kurudia. Katika namba ya simu ya mpokeaji, fedha zimekwenda kwa mtu mwingine.

M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Kwa mtu mwenye simu ndogo ya vitufe, kutuma fedha kwa menyu ya namba ni kazi ya vidole kwelikweli. Kupiga *150*00# peke yake ni vitufe 8. Namba ya mpokeaji ni tarakimu 10, namba ya siri ni 4, halafu kuna kiasi, chaguo za menyu na vitufe vya kutuma. Kwa jumla muamala mmoja wa kawaida hufika vibonyezo 30 hivi, kwenye vitufe vidogo, na anayechelewa hukatwa na mtandao na kuanza upya. Jina la mpokeaji linapotokea kabla ya namba ya siri, huo ni ulinzi wenye thamani kubwa kuliko tangazo lolote la redioni. Gharama yake ni sekunde moja ya kusoma. Anayelipita bila kusoma ili kuokoa sekunde hiyo anaweka rehani kiasi chote anachotuma.

Simu za kugusa zimeondoa vitufe, hazikuiondoa kanuni. Kidole gumba ni kipana, na kioo hakina ukingo wa kuhisi. Uchunguzi wa mwaka 2006 kwa watu walioshika kifaa kwa mkono mmoja ulipendekeza kwamba eneo la kugusa lisipungue milimita 9.2. Programu inayopanga "Lipa" na "Ghairi" bega kwa bega, kila kimoja na upana wa punje ya mahindi, imeshaamua kwamba baadhi ya wateja watagusa pasipotakiwa. Kwa mzee mwenye mkono uliopungua kasi, au mtu anayetumia simu ndani ya daladala, makosa huzidi.

Kidole kilichogharimu yen bilioni 40

Anayedhani makosa ya namna hii ni ya wadogo tu atazame soko la hisa la Tokyo, tarehe 8 Desemba 2005. Kampuni ya J-Com ilikuwa inaingia sokoni siku hiyo. Mfanyakazi wa Mizuho Securities alitakiwa kuuza hisa 1 kwa yen 610,000. Aliingiza hisa 610,000 kwa yen 1. Kampuni nzima ilikuwa na hisa 14,500 tu. Mashine ilionyesha onyo, likapitwa. Mizuho ilipogundua na kujaribu kuifuta oda, mfumo wa soko haukuifuta. Hasara ilizidi yen bilioni 40. Mkuu wa soko hilo alijiuzulu mwezi huohuo, na mwaka 2009 mahakama iliamuru soko lilipe Mizuho yen bilioni 10.7.

Rahisi ni kusema kijana yule alikuwa mzembe. Lakini lilikuwapo dirisha lililokubali hisa mara 42 zaidi ya zilizopo duniani, na nafasi mbili za kuandikia namba ambazo ni rahisi kubadilishana. Kuhusu onyo, kila atumiaye kompyuta anajua kinachotokea: mashine inayoonya kila dakika huufundisha mkono kubonyeza "Ndiyo" kabla jicho halijasoma. Kitufe cha hatari kinapaswa kuwa mbali na kidogo, na kitufe cha kazi ya kila siku kuwa karibu na kikubwa. Kanuni ya Fitts inafanya kazi pande zote mbili: huharakisha kinachotakiwa, na huchelewesha kisichotakiwa.

Suala hili linamgusa mwekezaji mdogo moja kwa moja. Zamani oda ya hisa ilipita kwa dalali, na jicho la pili liliiona. Leo mtu anaweza kununua hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa simu yake, kupitia Hisa Kiganjani. Urahisi huo ni wa kushukuriwa. Lakini dalali alikuwa pia breki, na breki ikiondolewa, kazi yake hufanywa na mpangilio wa kioo au na umakini wa mwenye kidole.

Kanuni inapogeuzwa kuwa mtego

Kila kinachopimika kinaweza kutumiwa vibaya. Mwaka 1999 Amazon ilipata hataza ya ununuzi wa kubofya mara moja, iliyokwisha muda mwaka 2017, na Apple ililipia haki ya kuitumia kuanzia mwaka 2000. Mbofyo mmoja uliookolewa ulikuwa mali ya kukodishwa. Huo ulikuwa upande wa kuingia.

Upande wa kutoka ulifikishwa mahakamani. Juni 2023 tume ya biashara ya Marekani iliishitaki Amazon ikidai kwamba wateja waliingizwa kwenye uanachama wa kulipia bila ridhaa ya kweli, na kwamba njia ya kujitoa ilifanywa ndefu kwa makusudi. Septemba 2025 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza shauri, bila kukiri kosa. Alama ndogo ya kufunga tangazo inayokwepa kidole, kitufe kikubwa cha "Kubali mkopo" na maandishi hafifu ya "Hapana", vyote vimetoka kwenye elimu ileile iliyomsaidia rubani. Mteja anayebanwa hivyo hulipa leo. Kesho huhama, na huwaambia wenzake.

Nini kifanyike

Kwanza, asiyekaa kwenye mashine asiichague peke yake. Siku ya kununua, mwenye duka aende na karani wake, na si yule hodari kuliko wote bali wa kawaida. Amwombe muuzaji nafasi ya kutoa ankara 20 za kweli, zenye bidhaa za duka hilo, na apime kwa saa ya mkononi. Muuzaji asiyeruhusu jaribio la nusu saa kwa bidhaa ya mamilioni ametoa jibu tayari.

Pili, zihesabiwe safari za mkono pamoja na makosa. Karani akosee kwa makusudi, aandike 5,000 badala ya 500, kisha atazamwe atafutaje. Mashine inayosahihisha kosa kwa hatua mbili inaweza kuwa bora kuliko inayotoa ankara haraka na kumganda karani dakika nzima anapokosea.

Tatu, mwenye hisa ajifunze kuuliza. Uongozi wa kampuni unapotangaza kwenye mkutano mkuu kwamba umeweka fedha katika mfumo mpya wa kisasa, aulize: kazi ilipimwa kabla na baada? Nani aliipima, na kwa watumishi gani? NYNEX iliuliza ikaokoa dola milioni 2 kwa mwaka. Swali hilo halihitaji shahada.

Nne, kabla ya kumkata karani mshahara kwa kosa la namba, itazamwe mashine. Ikiwa makarani watatu tofauti wamekosea mahali palepale, kasoro haiko mikononi mwao. Kuwafukuza watatu na kuajiri wa nne ni kununua kosa lilelile kwa mara ya nne.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wafanyabiashara wengi wameshajifunza kuandika shilingi zao. Sekunde za mkono nazo zinastahili mstari wao katika daftari hilo, kwani ni mtaji unaotumika kila siku na hauwezi kuagizwa tena ukiisha.